Mwaka Kinamasi Kilipofungwa

Tulimzika Bwana Chumo mwezi uliopita kwenye shamba lake huko Ziwa, nje ya Eldoret, mahindi yakiwa yamefika kifuani na manyunyu yakianguka juu ya tenti za kukodi. Binti yake wa mwisho ndiye aliyesoma wasifu. Alisoma vizuri, bila haraka: shule, chuo kikuu, utafiti wa nyasi na wanyama wa nchi kavu, ndoa, watoto wanne, kupandishwa cheo, kustaafu, ng'ombe wa maziwa, uzee wa kanisa. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma na Njoroge, aliyekuwa dereva wetu wa ofisi, ambaye sikio lake moja limekufa, na kwa sababu hiyo akinong'ona hunong'ona kwa sauti ya mtu anayeita kuku. "Wameruka ule mwaka," akasema. Wanawake wawili waliokuwa mbele yetu wakageuka. Nikamwambia, "Nyamaza, mzee," lakini alikuwa amesema kweli. Kati ya utafiti na kupandishwa cheo binti alivuta pumzi moja tu, na katika pumzi ile mwaka mzima ukapita na watu wake. Sikumlaumu. Huenda hakuambiwa. Mimi mwenyewe nimeuruka mwaka huo mara nyingi kuliko yeye. Nimeuruka mbele ya mume wangu, mbele ya wanangu, na mbele ya mchungaji. Niliporudi nyumbani jioni ile, niliona kwamba kati ya tuliokuwa tukipanda ile Landrova tumebaki wawili, na mmoja hasikii vizuri. Basi ni juu yangu kuusimulia.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, cheti cha kupiga chapa, na barua ya kazi ya majaribio katika ofisi moja ya utafiti hapa Eldoret. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani ya mlowezi, nyuma ya maghala ya nafaka, yenye sakafu ya mbao iliyolia ukiikanyaga. Jikoni ndimo tulimoweka mifuko ya khaki iliyojaa nyasi zilizokaushwa, na mingine iliyojaa mavi ya wanyama, kila mmoja na kibandiko chake. Mgeni akiingia alidhani ameingia zizini, lakini sisi pua zetu zilikuwa zimezoea. Sebule ilikuwa imegawanywa kwa plaiwudi. Upande mmoja alikaa mkuu wa ofisi, chini ya picha ya Rais. Upande wa pili tulikaa Bwana Chumo na mimi na taipureta. Plaiwudi ile haikuzuia kitu. Tulimsikia mkuu akikoroga chai yake, naye bila shaka alitusikia tukitafuna. Kwa hiyo watu wa nyumba ile walikuwa na desturi ya kukohoa. Ukiwa na neno la unga uliopotea madukani, au la mtu fulani aliyefuatwa kazini kwake na hajaonekana tena, ulikohoa, kisha ukatoka nje ukalisemea kando ya Landrova. Na mwaka ule maneno ya kusemea nje yalikuwa mengi, maana mvua ilikuwa imekataa. Hata hapa Eldoret, kwenye nchi ya mahindi, tulipanga foleni kupata unga wa manjano ulioletwa kutoka ng'ambo. Mama Wanjiru, aliyekuwa na kibanda cha chakula kuvuka barabara, aliusonga akiutukana. "Hii ni chakula ya farasi," alituambia, akitukatia kila mtu kipande, "lakini kuleni, si hata farasi anaishi?"

Bwana Chumo wakati huo hakuwa amefika arobaini. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa kama ya fundi saa, na alipenda sentensi kama watu wengine wanavyopenda viatu. Alinirudishia ukurasa mzima kwa sababu ya koma moja. Lakini hakuwahi kunipandishia sauti, na alikuwa mtu wa kwanza mwenye elimu kubwa kuniuliza ninafikiri nini kuhusu kitu nilichopiga chapa. Mwezi wa Machi, karani aliyekuwa akienda naye porini alipata kazi Nairobi. Bwana Chumo akaja akasimama mbele ya meza yangu. "Nasimiyu, unaweza kutembea?" Nikamwambia mtu aliyekwenda shule Bungoma kwa miguu haulizwi hivyo. Akacheka. Kesho yake asubuhi niliondoka Eldoret nimevaa sweta mbili, na saa nane mchana nilikuwa nimezivua zote na kuzikalia, kwa maana tulikuwa tumeteremka ukingo wa bonde na joto la chini lilikuwa limetupokea kama mlango wa tanuri.

Uwanda ule nitauita Lomerok. Jina lake la kweli nimeliacha, kwa sababu watoto wa waliouchukua wako hai na wengine ni majirani zangu. Ulikuwa uwanda wa nyasi fupi na migunga, mwekundu, mkavu, na katikati yake kulikuwa na kinamasi cha kijani kilichonyweshwa na kijito kutoka milimani. Kazi yetu ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya. Tulivuta kamba mstari mmoja kuanzia jiwe lililopakwa rangi, tukatembea tukifuata kamba, na kila baada ya hatua kadhaa Bwana Chumo alitupa chini fremu ya waya, mraba mtupu, akapiga magoti, akahesabu kila kilichokuwa ndani: nyasi gani, imeliwa kiasi gani, mavi ya nani, kwato za nani. Alitaja, nami niliandika. Mbele yetu alitembea Mzee Pkemoi, mfugaji wa pale, aliyeajiriwa na ofisi kutuonyesha njia. Hakuwa mzee sana, pengine hamsini, lakini alipenda kuitwa Mzee na alijiongezea miaka kila alipoulizwa. Alikuwa mtu wa madaha, mwenye ugoro daima kwenye ukucha wa kidole gumba, na alinichukia siku ya kwanza kwa sababu ya sabuni. "Karani," aliniambia, "wewe unanuka duka. Nyama yote inakimbia." Nilipunguza kuoga. Safari ya tatu alininusa, akatikisa kichwa kwa ridhaa, akaanza kunifundisha.

Alinifundisha nyasi kwanza: ile ambayo ng'ombe huifuata, ile ambayo hata punda huikataa, ile inayoonekana imekufa kumbe imelala. Kisha akanifundisha zamu. Mvua ikinyesha, alisema, hakuna anayeruhusiwa kupeleka ng'ombe kinamasini. Wazee hufunga, na mwenye kuvunja hulipa fahali. Kila mwenye kwato huzagaa uwandani akinywa maji ya vidimbwi. Uwanda ukikauka, wazee hufungua. Punda milia hutangulia kula mabua marefu yaliyo magumu, ng'ombe hufuata, na nyuma yao huja choroa na swala kutafuta machipukizi mafupi yaliyofunuliwa na wakubwa. "Punda inafungua mlango ya ng'ombe, ng'ombe inafungua ya swala," alisema, akatema. "Nyinyi munahesabu nini?" Bwana Chumo alisikiliza haya akiwa amepiga magoti kwenye fremu yake, na niliona furaha usoni mwake, kwa kuwa miaka minne ya mavi kwenye mifuko ya khaki ilikuwa ikimwambia jambo lile lile. Jioni tulikula ugali wa manjano na maziwa ya kibuyu yenye ladha ya moshi, ambayo mke wa Mzee, Mama Chepurai, alituletea akiwa amenyamaza na kungoja kibuyu kirudi. Wanaume wawili walizungumza kwa lugha zao zinazokaribiana, wakibishana juu ya jina la jani moja mpaka sufuria ikapoa. Nikiulizwa leo furaha ya ujana wangu ilikuwa wapi, nitasema ilikuwa pale, miezi mitatu, na nilikuwa nimechomwa na jua na ninanuka.

Mvua ya masika haikuja. Mwezi wa Mei Bwana Chumo aliandika ripoti yake. Tulijua kuna kampuni iliyotaka kinamasi kile kwa kilimo cha kumwagilia maji, kampuni ya watu ambao majina yao hayakuwekwa hata kwenye barua zao wenyewe, na kwamba walisubiri ofisi yetu iseme kuwa wafugaji wameharibu ardhi, ili ichukuliwe kwa jina la kuiokoa. Ripoti haikusema hivyo. Ilisema kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba Lomerok unaishi kwa sababu kila mwenye kwato anauacha kwa wakati wake, na kwamba kinamasi kikifungwa kwa ua, mifugo na wanyama wa porini watakufa pamoja katika kiangazi cha kwanza. Nilipiga nakala moja na kaboni tatu. Alizisoma zote, hakupata kosa, akaninunulia soda.

Baada ya siku chache gari jeupe liliegeshwa nje na wageni wawili wakaingia upande wa pili wa plaiwudi. Bwana Chumo aliitwa. Mimi nilibaki na vidole juu ya taipureta bila kupiga. Mkuu wa ofisi ndiye aliyesema zaidi. "Chumo, hakuna mtu anasema umedanganya. Tunasema umeandika kama mtu anapinga maendeleo." Bwana Chumo akajibu kwamba nyasi hazina siasa. Mgeni mmoja, mwenye sauti ya upole sana, akauliza, "Watoto wako wako shule gani, daktari?" Akajibu. "Ni shule nzuri," mgeni akasema. "Inafaa wamalize." Kisha nikasikia viti vikisukumwa, na Bwana Chumo akatoka nao akapanda gari lile jeupe. Hakurudi siku ile wala kesho yake. Mkewe alikuja ofisini na mtoto mgongoni, akaambiwa mumewe yuko safarini kikazi. Alinitazama mimi, nami nikatazama mashine. Njoroge alikohoa, tukatoka nje. "Mimi nimeona gari hiyo imeenda upande gani," akasema. "Na wewe hukuona kitu. Unasikia, mama? Hukuona."

Bwana Chumo alirudi siku ya tano, na shati lile lile, bila miwani. Sikujua walimfanya nini; hakusema wakati ule na hakusema kamwe, lakini hakuketi. Alisimama kando ya dirisha akiwa ameushika ukingo wake, akaniambia niweke karatasi mpya. Akanitamkia ripoti yote tena kutoka kichwani. Majedwali tuliyaacha yalivyokuwa. Tulichobadilisha kilikuwa kidogo sana, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Pale palipoandikwa kwamba wafugaji wanahamia kinamasini, tuliandika kwamba wanakivamia. Pale palipoandikwa kupumzishwa, tuliandika kuharibiwa. Nilipofika neno la kwanza nilisimamisha vidole. "Bwana Chumo, haya siyo tuliyoyaona." Akasema, bila kunigeukia, "Piga hivyo hivyo, Nasimiyu." Nikapiga. Ningeweza kuinuka. Nimelifikiria hilo kwa zaidi ya miaka arobaini, nikijitafutia bunduki iliyokuwa imeelekezwa kwangu, na sijaipata. Mimi hakuna aliyeniuliza watoto wangu wanasoma wapi. Niliogopa tu, kama mtu anavyoogopa chumba kilicho na baridi, na baada ya wiki mbili nilipokea barua ya kuajiriwa kwa kudumu nikaifurahia, Mungu anisamehe, nikala nyama kwa Mama Wanjiru. Nakala za kaboni za ripoti ya kwanza niliagizwa nizichome katika jiko la kuni. Mbili nilizichoma. Ya tatu niliificha kwenye mfuko wa khaki wa nyasi. Hata hilo sikulifanya kwa ushujaa. Ilikuwa kazi nzuri na niliona uchungu kuiteketeza.

Seng'enge ilifungwa mwezi wa Julai, nyuzi sita kwa kimo, kuzunguka kinamasi chote na kijito chake. Ofisi haikututuma tena Lomerok mpaka Oktoba, tulipoagizwa kwenda kuhesabu "hali ya wanyama baada ya uhifadhi". Hilo neno nalo nililipiga chapa. Tulianza kunusa kabla hatujaona. Njoroge alifunga vioo, kisha akavifungua tena kwa sababu ya joto. Kando ya waya, upande wa nje, wanyama walikuwa wamelala wakifuata ua kadiri macho yalivyoweza kufika: ng'ombe, punda milia, choroa na pembe zao ndefu zimenasa kwenye nyuzi, mbuzi, swala, tena ng'ombe. Walikuwa wamefuata njia yao ya kila mwaka hadi kwenye waya, na walipozuiwa waliufuata waya, wakienda na kurudi, hadi ardhi ikawa na mfereji wa kwato zao. Wengine walikuwa hai wamesimama, vichwa vimeelekea majani mabichi yaliyokuwa hatua chache mbele. Tai walikuwa wameshiba, hawakuruka tulipopita. Bwana Chumo alishuka na fremu yake. Akaitupa chini, akapiga magoti. Ndani ya mraba palikuwa na vumbi. "Andika sufuri," akasema. Akaichukua, akatembea, akaitupa tena. "Andika sufuri." Tulifanya hivyo mstari wote. Hakuna aliyetulazimisha kuumaliza, lakini hatukujua tungefanya nini kingine na mikono yetu.

Mzee Pkemoi alitukuta hapo. Alikuwa amekonda, na ukucha wake haukuwa na ugoro. Alituamkia mmoja mmoja, akauliza habari za Eldoret, akauliza kama miwani mipya ya Bwana Chumo inaona vizuri kuliko ya zamani. Hakujua. Hilo ndilo nililolielewa nikiwa nimesimama pale na kalamu yangu: alidhani sisi tulikuwa upande wake, tumekuja kuona uovu uliofanywa na watu wengine. Alimwonyesha Bwana Chumo fahali wake mwekundu, yule aliyependa kumwimbia, amelala akipumua. Kisha akasema na Njoroge kwa Kiswahili, nami nikasikia. "Dereva. Wewe iko na chuma ya kukata waya?" Njoroge alimtazama Bwana Chumo. Bwana Chumo aligeuka akaitazama milima. Alitazama muda mrefu. Njoroge akafungua sanduku la vyombo, akatoa koleo, akaliweka chini juu ya jani kavu kama mtu aliyelisahau, akapanda gari akawasha.

Tulisikia baadaye kwamba Mzee Pkemoi alikata mahali pengi, siku mbili mfululizo, na kwamba kila kilichoweza kutembea kilipita: ng'ombe wake, ng'ombe wa adui zake, punda milia waliobaki. Siku ya tatu walinzi walimshika. Alipigwa, akaletwa huku juu Eldoret, Sikisti-Foo kama wazee walivyouita mji huu, akashtakiwa kwa kuharibu mali na kuvamia eneo lililofungwa. Upande wa mashtaka ukamwita Bwana Chumo kuwa shahidi mtaalamu. Asubuhi ya kesi nilifungua mfuko wa khaki, nikakung'uta nyasi kwenye ile nakala ya kaboni, nikampelekea nje ya mahakama. Aliisoma akiwa amesimama karibu na ukuta, ukurasa kwa ukurasa, kama kwamba hatujachelewa. "Ilikuwa kazi nzuri," akasema. Akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, nami nikaamini. Niliingia nikaketi benchi la nyuma karibu na Njoroge, nimejaa fahari.

Koleo lilikuwa juu ya meza, limefungwa kikaratasi. Kiongozi wa mashtaka alimuuliza Mzee Pkemoi alilitoa wapi. Njoroge alikuwa amekaa juu ya mikono yake. Mzee alijibu kupitia mkalimani kwamba aliliokota barabarani. Akaulizwa mara tatu, akasema barabarani, barabarani, barabarani, wala hakutazama upande wetu. Kisha Bwana Chumo akaitwa. Aliapa. Akaulizwa kama ni yeye aliyeandika ripoti ya ofisi, akasema ni yeye. Akaulizwa kama ni kweli kwamba mifugo ya watu kama mshtakiwa ndiyo iliyoharibu uwanda wa Lomerok. Aliingiza mkono ndani ya koti. Nilimwona. Mkono ukakaa humo, ukatoka na leso. Akajipangusa uso, akasema, "Ndiyo, kwa mujibu wa ripoti." Mkalimani alipomaliza, Mzee Pkemoi alimtazama shahidi kwa mshangao, bila hasira, kama alivyokuwa akimtazama akikosea jina la nyasi. Akasema neno kwa lugha yake. Hakimu akamuuliza mkalimani amesema nini. Mkalimani akasema si kitu, Mheshimiwa. Palikuwa na nafasi hapo, kimya kirefu cha kutosha mtu kusimama na kusema, "Mimi ndiye niliyeipiga chapa, na si hiyo." Nilihesabu mbao za dari. Hukumu ilikuwa miaka miwili. Ngazini, Njoroge alimshika Bwana Chumo mkono, jambo ambalo dereva hakulifanya kwa mkubwa wake siku zile. "Alikuambia nini?" Bwana Chumo alijaribu kupita, akashindwa. "Alisema nimesahau," akajibu. "Alisema, mwambieni amesahau, mpelekeni akaone tena."

Mzee Pkemoi hakumaliza miaka miwili. Alikufa gerezani Februari, kwa kifua, kama tulivyoambiwa. Nilikuwa nimekwisha kuacha kazi wakati huo, nikingoja nafasi ya kusomea ualimu. Nikawa mwalimu wa jiografia, upande wa Moi's Bridge, hadi nilipostaafu. Na kila mwaka nilifika kwenye ule ukurasa uliosema kwamba jangwa huletwa na wafugaji wenye ng'ombe wengi kupita kiasi. Niliwafundisha watoto ukurasa ule ili wapite mtihani, kisha nikafunga kitabu nikawafundisha zamu ya punda milia, na wengi waliandika la kitabu, na walifanya vyema. Kampuni ililima mahindi kinamasini misimu miwili. Msimu wa tatu chumvi ilipanda juu ya udongo, nyeupe kama chokaa, wakang'oa pampu zao wakaenda. Nguzo za ua zilichomwa makaa. Nyasi zimerudi kiasi, naambiwa, na ng'ombe wapo. Choroa hawajarudi. Bwana Chumo nilikutana naye mara moja tu katika miaka yote ile, duka la dawa za mifugo hapa mjini. Aliniuliza kama bado nafundisha, nikasema ndiyo, akasema vizuri, akanishikia mlango. Nilisimama nje kidogo nikidhani atanifuata. Hakunifuata, nami sikurudi ndani.

Lakini kabla ya hayo yote, mwezi wa Machi uliofuata kifo cha Mzee, mvua ilipoanza, nilimwomba Njoroge lifti ya siku moja, tukateremka kwa Mama Chepurai. Nilimkuta akiezeka upya nyumba. Alijua mumewe amekufa. Mtu alikuwa amepita akasema. Nikamweleza, kwa Kiswahili cha pole pole, kwamba karatasi iliyomfunga mume wake ilipigwa na mikono hii. Nilimwonyesha mikono. Aliitazama. "Wewe ulikuwa nani?" akauliza. Nilidhani hajanielewa, nikaanza tena. Akanikatiza. "Nimesikia. Nauliza, wewe ulikuwa nani, karatasi ikungoje wewe? Ingepigwa na mwingine." Hakusema kwa huruma. Alisema kama mtu anayeondoa mzigo wa mgeni njiani ili apite. Kisha akaniuliza alichokuwa akikitaka. "Mmemweka wapi?"

Sikujua. Nilirudi Eldoret nikaanza kuuliza, na nilizungushwa kwa wiki tatu, kutoka dirisha hadi dirisha, hadi askari jela mmoja mzee alipochoka kuniona akanipeleka mwenyewe kwenye makaburi ya umma, upande wanakozikwa wasio na watu. Palikuwa na kibao cha bati chenye namba. Jina halikuwepo. Njoroge alimleta Mama Chepurai siku ya Jumamosi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda huku juu, na baridi ilimtetemesha. Nilimpa sweta, akaikataa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na majani mabichi yalikuwa yamefunika makaburi yote, mengi kuliko aliyoyaona mwaka mzima uliopita. Aliinama akang'oa bua la jani, akalinusa, akalitupa. Kisha akageuka huku na huku, kwenye ukuta, kwenye maghala, kwenye mawingu yaliyokuwa yamefunika kila upande, na nikaona kwamba amepotea, hajui amesimama wapi.

"Nyumbani ni upande gani?" akaniuliza.

Nilinyoosha mkono kaskazini. Nilihakikisha kwanza, nikalitafuta jua nyuma ya mawingu, kwa maana sikutaka kukosea hata kidogo. Hilo ndilo lililokuwa jambo la kweli pekee nililowahi kuwapa watu wa nyumba ile. Akaelekea huko, akasimama, na Njoroge akavua kofia, tukangoja hadi alipomaliza kumuaga mumewe.